Maswali ya Wasomaji: Injini ya Gesi ya Mwaka 1876 Ikipunguzwa Hadi Robo

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni fundi mkerezaji na nimepata michoro ya injini ya gesi ya Nikolaus Otto ya mwaka 1876, ile yenye silinda iliyolala. Ninakusudia kuunda mfano wake mdogo unaofanya kazi, nikigawanya kila kipimo kwa 4. Je, nikiufuata mchoro hivyo bila kubadili kitu, mfano utawaka na kuzunguka polepole kama injini yenyewe? (Mkerezaji, Tanga)

JIBU: Ndugu fundi, utafanana nayo kwa umbo, lakini kuzunguka polepole ni jambo ambalo itakubidi ulitafute kwa njia nyingine. Injini ile iliyoundwa Deutz, ng'ambo ya mto Rhine mkabala na jiji la Köln, ilizunguka takribani mara 180 kwa dakika, na ilibana mchanganyiko wake wa hewa na gesi kwa uwiano wa karibu 2.5 kwa 1 tu. Ukubwa wake ndio ulioiwezesha kuridhika na kompresheni ndogo namna hiyo.

Tuchukue silinda yenye kipenyo cha milimita 160 na mwendo wa pistoni wa milimita 300, ambayo ujazo wake ni kama lita 6. Ukigawanya vipimo kwa 4 unapata kipenyo cha milimita 40 na mwendo wa milimita 75, na watu wengi hudhani kwamba ujazo nao umebaki robo. Sivyo. Eneo la kichwa cha pistoni limebaki sehemu 1 ya 16, na ujazo umebaki sehemu 1 ya 64, yaani takribani sentimita 94 za ujazo. Hivyo kila tone la gesi inayowaka limezungukwa na ukuta wa chuma mara 4 zaidi ya ilivyokuwa katika injini kubwa, na ukuta huo hunyonya joto kabla pistoni haijasukumwa ipasavyo. Kwa sababu hiyo mimi huacha uwiano wa mchoro na kupandisha kompresheni hadi kama 4 kwa 1, kwa kupunguza nafasi inayobaki nyuma ya pistoni, mahali ambapo jicho la mtazamaji halifiki.

Sasa tuje kwenye lile gurudumu kubwa linalohifadhi mwendo, ambalo mafundi huliita flaiwili. Uwezo wake wa kupinga mabadiliko ya mwendo hutegemea uzito uliozidishwa kwa mraba wa umbali wa uzito huo kutoka katikati. Kwa hiyo gurudumu la robo lina sehemu 1 tu ya 1,024 ya uwezo wa gurudumu kubwa, ilhali kazi ambayo kila mlipuko unaifanya imepungua hadi kama sehemu 1 ya 64. Ili gurudumu dogo libebe pistoni katika mapigo matatu yasiyo na nguvu (kuvuta, kubana na kutoa moshi) kama lile kubwa lilivyofanya, hesabu inataka lizunguke mara 4 kwa kasi zaidi, yaani takribani mara 720 kwa dakika. Ukilitaka polepole zaidi, ongeza uzito kwenye ukingo wa gurudumu, upande wa ndani usioonekana, na ulisubu kwa chuma, si kwa alumini ya pistoni kuukuu, hata kama alumini ni rahisi kuyeyusha. Njia nyingine, ambayo ndiyo ninayoipenda, ni kuchagua theluthi badala ya robo, ikiwa mashine yako ya kukereza inaweza kulibeba gurudumu lenyewe.

Kuhusu uwashaji, Otto alitumia kibao cha kuteleza kilichobeba mwali mdogo kutoka nje na kuufikisha ndani ya silinda. Ni kazi ya kupendeza mno, lakini katika udogo huu mwali huzimika kwa urahisi na kibao huvujisha kompresheni. Tengeneza kibao hicho kwa ajili ya sura, ufiche plagi ndogo na koili ya betri kwa ajili ya moto, kisha mfano ukishazoea kuzunguka ndipo ujaribu mwali wa kweli.

SWALI: Mfano wangu ni wa injini ya Crossley ya Manchester, kwa theluthi, na ninautumia kwa gesi ya mtungi ya kupikia. Huwaka mara moja au mbili, kisha huzima na kutoa harufu kali ya gesi. Nimebadilisha plagi mara tatu. Kosa liko wapi? (Fundi wa Kisumu)

JIBU: Ndugu yangu, iache plagi. Harufu hiyo inaonyesha kwamba silinda inajaa gesi isiyopata hewa ya kutosha, na nina sababu ya kuamini kwamba umetoboa tundu la gesi kwa kufuata mchoro. Ndugu wa Crossley walinunua haki za injini za Otto mwaka 1869, na injini zao nyingi zilitumia gesi ya mjini iliyotokana na makaa ya mawe, ambayo kipimo kimoja huhitaji vipimo 5 hivi vya hewa. Propani, moja ya gesi mbili za mtungi, huhitaji takribani vipimo 24, na butani, ile ya pili, karibu 31. Maana yake ni kwamba tundu hilo linaipa injini yako gesi mara kadhaa zaidi ya inavyoweza kuchoma. Weka skrubu ya sindano kwenye njia ya gesi, uifunge kabisa, uzungushe gurudumu kwa mkono, kisha uifungue kidogo kidogo hadi mlipuko wa kwanza utokee.

Shinikizo nalo lina lawama yake. Katika injini za zamani, gesi ilipita kwanza katika mfuko wa mpira, hivyo injini ilijivutia kiasi ilichotaka na taa za gesi za majirani hazikupepesa kwa kila pigo. Regyuleta ya jikoni huisukuma gesi muda wote. Tumia regyuleta inayotoa gesi pale tu inapovutwa. Hili ni muhimu zaidi kwa Crossley yako kwa sababu kidhibiti mwendo chake huacha kufungua valvu ya gesi kasi inapozidi, na silinda huvuta hewa tupu. Valvu hiyo ikivuja, hewa haitakuwa tupu, na mlipuko utatokea ndani ya bomba la ekzosi. Isugue kwenye kiti chake kwa dawa ya kusagia valvu hadi uone pete moja ya kijivu isiyokatika.

Nakusihi pia ufanye majaribio nje ya nyumba. Gesi ya makaa ilikuwa nyepesi kuliko hewa na ilipanda juu. Ya mtungi ni nzito, hutambaa sakafuni na kutulia kwenye mashimo, na cheche ya koili yako haiko mbali nayo.

SWALI: Je, si afadhali kuanza na injini ya Otto na mshirika wake Langen, ile iliyopata medali ya dhahabu kwenye maonyesho ya Paris ya mwaka 1867? Haina kompresheni, nayo inaonekana nyepesi kuunda. (Mwanafunzi wa ufundi, Morogoro)

JIBU: Mwanangu, silinda yake ni nyepesi kuunda, ila klachi yake si nyepesi. Mlipuko huirusha pistoni juu ikiwa huru kabisa. Kazi hufanyika inaposhuka, ikisukumwa na hewa ya nje na uzito wake, huku ufito wenye meno ukizungusha ekseli kupitia klachi inayoshika upande mmoja tu. Klachi hiyo ikichelewa kushika hata kidogo, kazi yote imepotea. Aidha, hewa inayoisukuma pistoni ya mfano wako ni hii hii iliyoisukuma ile ya mwaka 1867: katika robo, nguvu yake hubaki sehemu 1 ya 16 wakati uzito wa pistoni umeshuka hadi sehemu 1 ya 64, kwa hiyo pistoni hushuka katika karibu robo ya muda. Unda klachi kwanza, peke yake, uijaribu kwa kuangusha uzito uliofungwa kwenye ufito. Na pistoni uiunde kwa chuma kizima, bila kuitoboa ndani, ili ishuke kwa utulivu zaidi.