Kuanza aikido ukubwani: utaanguka kabla hujaangusha mtu

Ndugu, umeuliza mambo mawili: je, kuanza aikido, sanaa ya kujihami ya Kijapani, na miaka 38 ni kuchelewa, na itachukua muda gani hadi uweze kujitetea. La kwanza ni jepesi: hujachelewa. Mimi nilianza na 41, magoti yakilia kila nikiinuka.

Nilienda nikidhani nitafundishwa kurusha watu. Miezi ya mwanzo mimi ndiye niliyerushwa. Mnafanya mazoezi wawili wawili: mmoja anashambulia na kuangushwa, mwingine anaangusha, kisha mnabadilishana. Anayeangushwa anaitwa uke. Ndiyo, umesoma vizuri, ni Kijapani; siku ya kwanza nilishindwa kuzuia kicheko, ya pili nikazoea.

Kuanguka kwenyewe ni ukemi, na hapo ndipo utumie nguvu zako zote. Kubingirika mbele si kichwangomba cha utotoni. Mkono unaotangulia unaupinda kama upinde, upande wa kidole cha mwisho ndio unaogusa mkeka kwanza, halafu mwili unapita juu yake na kuvuka mgongo kimshazari, kutoka bega hili hadi nyonga ya upande wa pili. Kidevu kifuani, kichwa kisiguse chini kabisa. Wiki ya tatu nilitaka kuonekana nimeiva, nikajirusha kutoka nimesimama. Mkono ukalegea katikati, nikatua kwenye ncha ya bega. Siku kumi nilikuwa navaa shati kama mtoto, kwa kusaidiwa. Mwalimu hakunifokea, alinirudisha kupiga goti tu, na nikaanzia chini upya. Anzia chini wewe pia.

Kosa langu lingine lilikuwa misuli. Mwenzangu mmoja, mama wa makamo mwepesi kuliko mimi mara mbili, alinishika kifundo cha mkono. Nikamvuta, akatulia. Nikavuta tena, naye katulia vile vile. Akaniambia, "Kaka, unapigana na mkono wangu, mimi mwenyewe umenisahau. Sogeza miguu." Nikazungusha nyonga na kusimama ubavuni kwake, hatua wanayoiita tenkan, naye akanifuata bila mimi kuvuta chochote. Usidhani nilielewa siku hiyo. Hali ile ya kufuatwa bila kuvuta ilirudi tena baada ya wiki nyingi.

Sasa kujitetea. Kama unataka kitu cha kukusaidia ndani ya miezi sita, nenda judo au ndondi, nakwambia bila kukuficha. Mwanzilishi Morihei Ueshiba (1883–1969) aliitoa aikido kwenye jujutsu (mapigano ya kale ya Kijapani) ya shule ya Daito-ryu na hakutaka mashindano, kwa hiyo matawi mengi hayana. Tawi lililotokana na mwanafunzi wake Kenji Tomiki ndilo linalojulikana kwa kushindana. Bila mashindano, mwenzako mara nyingi anashambulia kwa namna mliyokubaliana, na mtu anaweza kujidanganya miaka mingi kwamba yuko tayari. Mimi imenisaidia mara moja tu nje ya mkeka: niliteleza kwenye ngazi zilizolowa, kidevu kikaenda kifuani chenyewe.

Kabla ya kujiunga, kaa pembeni utazame kipindi kizima. Angalia wakubwa wanavyowaangusha wageni. Shihonage, mtupo wa kukunja mkono wa mtu nyuma ya bega lake, ikifanywa kwa pupa inaweza kumpigiza mtu kisogo, kwa hiyo ukiona mgeni anabwagwa nayo bila kusindikizwa hadi chini, ondoka. Ukiona mtu anapiga mkeka kuashiria maumivu na mwenzake anaendelea kubana, ondoka haraka zaidi.

Mavazi yasikusumbue: trakisuti ya mikono mirefu inatosha mwanzoni. Hiyo suruali pana nyeusi, hakama, ina wakati wake. Kata kucha za mikono na miguu, vua pete, na kama una goti la zamani mwambie mwalimu mapema, maana kukaa kwa magoti, seiza, kutakuumiza kuliko kurushwa.