Andaa Chakula cha Vifaranga Kabla Samaki Hawajataga

Juma lililopita nilipokea ujumbe kutoka kwa kijana mmoja wa Musoma: "Dada, gurami wangu walitaga, mayai yakaanguliwa, vifaranga walikuwa wengi mno, lakini siku ya nne wote wamekufa. Niliwapa kiini cha yai kama nilivyoshauriwa. Nimekosea wapi?" Niliusoma nikiwa nimesimama mbele ya tangi langu hapa Luchelele, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, lenye vifaranga 214 wa gurami, samaki wa mapambo, waliofikisha wiki sita, na moyo ukaniuma, kwa sababu miaka michache iliyopita ujumbe huo ningeweza kuuandika mimi, neno kwa neno.

Wewe unayesoma hapa bila shaka una nia kama yangu: hutaki kununua samaki wa mapambo wachovu waliosafirishwa kwa basi usiku kucha, bali unataka kuwazalisha mwenyewe. Basi nisikilize.

Mara ya kwanza gurami wangu walipotaga, sikulala. Dume alijenga kiota cha mapovu chini ya jani, akayapanga mayai kwa mdomo wake, na baada ya siku moja nikaona mikia midogo ikining'inia chini ya mapovu. Siku mbili baadaye vifaranga walianza kuogelea. Nilisaga chakula cha dukani mpaka kikawa laini kama poda, nikakinyunyiza, nikaenda kulala kwa furaha. Siku ya tatu ya kuogelea kwao walianza kuzama mmoja mmoja. Mara ya pili nilitumia kiini cha yai lililochemshwa, na kulipokucha maji yalikuwa meupe kama tui. Mara ya tatu sikumbuki hata nilichowapa, ila nakumbuka kwamba nilikuwa nimemwahidi mfanyabiashara mmoja wa mjini vifaranga mia moja, na nilipomwendea mikono mitupu alisema mbele ya wateja wake kwamba kuna watu hawana mkono wa kufuga, na wanawake wengi ni hao. Maneno yale yaliniuma, na sitaficha kwamba hadi leo nikipita mtaa ule huwa nayakumbuka.

Lakini hapakuwa na suala la mkono. Kifaranga wa gurami huzaliwa na akiba ya kiini tumboni, na akiba hiyo ikiisha hubakiwa na muda mfupi sana wa kupata mlo wa kwanza. Mdomo wake ni mdogo kiasi kwamba hawezi kummeza hata mtoto wa artemia (mdudu mdogo wa maji ya chumvi) aliyeanguliwa leo, ambaye urefu wake ni karibu nusu milimita. Zaidi ya hayo, jicho lake hutafuta kitu kinachotembea. Unga uliotulia kwake si chakula, na unga huo huo hushuka chini, huoza, na kuwaua hata wale waliokuwa na nguvu ya kusubiri. Kijana wangu wa Musoma hakukosea siku ya nne, alikosea wiki moja kabla, siku alipowaweka dume na jike pamoja bila kuwa na kitu chochote hai ndani ya chupa.

Kitu hicho ni vijidudu vya maji ambavyo wafugaji huviita infusoria, na havihitaji fedha. Mimi hutumia mitungi mitatu ya kioo ya lita moja moja, ninayoianzisha kwa kupishana siku tatu. Naijaza maji ya tangi la zamani, wala si ya bomba yenye klorini, kisha natia kipande cha jani la kabichi lililochemshwa, kiasi cha nusu ya kiganja. Funika kwa kitambaa, kwa maana mbu hutaga hata kwenye kikombe cha maji, na hapa kwetu hatuna ruhusa ya kumwongezea jirani mbu kwa sababu ya samaki. Siku ya pili au ya tatu maji huwa meupe na hunuka vibaya. Hao ni bakteria, na wengi hukata tamaa hapo wakamwaga. Usimwage. Kati ya siku ya tano na ya saba weupe hupungua, harufu hugeuka ikawa kama ya udongo uliolowa, na ukiuinua mtungi dhidi ya mwanga wa dirisha utaona vumbi jeupe linalotembea, kila chembe ikishika njia yake, nyingine zikipanda, nyingine zikizunguka. Vumbi lisingeweza kupanda. Hicho ndicho chakula. Nakivuta kwa bomba la sindano na kuwapa vifaranga mililita kumi mpaka ishirini, mara nne au tano kwa siku, kwa muda wa wiki moja hivi.

Baada ya hapo huja artemia, na hapa nina kidonda kingine. Artemia ni mdudu mdogo wa jamii ya kamba anayeishi katika maziwa ya chumvi, na sehemu kubwa ya mayai yanayouzwa duniani imekuwa ikivunwa katika Great Salt Lake huko Marekani. Mayai hayo yakikauka vizuri hukaa muda mrefu, lakini yakishika unyevu huharibika, na hewa ya ufukweni mwetu ina unyevu. Nilimtumia fedha muuzaji mmoja, akaniletea mfuko uliochotwa kutoka kopo kubwa lililokwisha kufunguliwa, na katika mfuko mzima hayakuanguliwa hata mayai ya kujaza kijiko. Simu yangu hakupokea tena. Tangu hapo sinunui kabla ya kujaribu chembe chache, na yangu nayahifadhi kwenye jokofu, ndani ya chupa iliyofungwa vizuri.

Kuangua si kazi ngumu. Chukua chupa ya plastiki ya lita moja na nusu, ikate kitako, igeuze mdomo uwe chini, tia lita moja ya maji na gramu 25 za chumvi, yaani kama kijiko kikubwa kimoja na nusu, kisha robo kijiko cha chai cha mayai. Hewa ya pampu itoke chini kabisa kwa nguvu ili mayai yasitulie, na taa iwake karibu. Maelekezo ya kopo husema saa 24 kwenye joto la nyuzi 28, lakini usiku wa Mwanza mwezi Juni na Julai una baridi, na mimi husubiri saa 30 mpaka 36. Umeme ukikatika usiku, artemia hukosa hewa na kufa wote, kwa hiyo nilinunua pampu ndogo ya betri kabla ya kununua kitu kingine chochote.

Wakati wa kuvuna, zima hewa na usubiri dakika kumi. Maganda ya kahawia huelea, mayai yasiyoanguliwa huzama, na katikati hubaki wingu la rangi ya chungwa ambalo hufuata mwanga. Elekeza tochi ya simu upande mmoja, wingu litakusanyika hapo, ulivute kwa mpira mwembamba kupitia leso ya pamba, usuuze kwa maji baridi na kulisha papo hapo, kwa sababu artemia huanza kutumia akiba yake ya mafuta mapema sana, na akikaa nusu siku bila kulishwa virutubisho vyake hupungua. Katika maji yasiyo na chumvi huishi saa chache tu, hivyo toa kidogo, mara nyingi. Dakika tano baadaye piga magoti mbele ya kioo: matumbo ya vifaranga, ambayo hupitisha mwanga, yatakuwa yamegeuka rangi ya chungwa. Siku nilipoliona jambo hilo kwa mara ya kwanza nilimwita mama yangu jikoni aje aone.

Kwa wanaofuga furu, samaki wadogo wa ziwa letu, ambao jike huatamia mayai mdomoni, kazi ni nyepesi zaidi, maana kifaranga wa furu hutoka akiwa mkubwa na huweza kula artemia siku hiyo hiyo. Mimi ninao jozi tatu, na nawatunza kwa heshima, kwa sababu wazee wa hapa wanakumbuka ziwa lililojaa furu kabla ya sangara kuongezeka katika miaka ya 1980.

Furu hao nawapa pia viroboto wa maji, yaani vijidudu vya jamii ya kamba, hasa aina iitwayo moina, ninaowafuga uani katika nusu pipa lenye maji ya kijani. Mbegu yake niliichota kwenye dimbwi la mvua lisilo na samaki. Tafadhali usiingie ukingoni mwa ziwa kuwatafuta: konokono wa huko hubeba kichocho, na maji yenye samaki huleta pia vimelea. Chuja ulichochota na uondoe watoto wa kereng'ende, kwa sababu mmoja tu huweza kumaliza tangi zima la vifaranga. Moina hula mwani na hamira, nusu kijiko cha chai kwa lita mia moja, na wengi huwaua kwa kuwashibisha. Vuna robo tu kwa siku.

Kijana wangu, najua unataka jina la chakula kimoja cha dukani kitakachomaliza tatizo, na hakipo. Unayeshindwa kuamka saa kumi na moja alfajiri kulisha viumbe wasioonekana usiwalazimishe samaki watage. Wale gurami wawili watenganishe leo. Kesho asubuhi chemsha jani la kabichi, anzisha mtungi wa kwanza, baada ya siku tatu wa pili, baada ya siku tatu nyingine wa tatu, na uandike tarehe juu ya kila mmoja. Ukiinua mtungi wa kwanza dirishani na kuona vumbi linapanda, ndipo umrudishe jike kwa dume.