Ukihama pikipiki kwenda matairi matatu

Nilianza pikipiki mwaka 1981, nikiwa bwana shamba Mpwapwa, na sikuiacha mpaka goti la kushoto lilipogoma kubeba uzito. Sasa nina ya matairi matatu, ile ya kubebea mizigo. Fundi alitoa bodi, akaniwekea kiti chenye egemeo na sanduku la nguo. Nimefika nayo Kondoa, Manyoni na Mtera. Vijana wanaokuja kuniuliza habari za safari hizi karibu wote wametokea kwenye bodaboda, na hilo ndilo linalonitia hofu.

Mwili uliozoea pikipiki utakudanganya. Kule unalala na kona, chombo kinalala nawe. Hiki hakilali. Ukiingia kona na mwendo, kinakusukumia nje na tairi la nyuma la upande wa ndani linanyanyuka. Punguza mwendo kabla hujaifikia kona, kisha egemeza kiwiliwili upande wa ndani na kata usukani kwa mikono yote miwili. Jifunzie kwenye uwanja mtupu kwanza, wiki nzima ikibidi.

Na tafadhali, wanangu, msishushe mguu. Mwenye pikipiki akiyumba mguu unagusa chini wenyewe. Huku tairi la nyuma liko nyuma ya kisigino chako, linakuja kukupanda. Kijana niliyemfundisha alivunjika kifundo hivyo hivyo, tena chombo kikienda polepole kama mtu anayetembea. Mguu unashuka kikishasimama kabisa na breki ya mkono imevutwa.

Kwenye vumbi utaona kingine: pikipiki inapita mstari mmoja, wewe una mitatu. Shimo ulilolikwepa kwa tairi la mbele, la nyuma litalitumbukia. Miiba ya migunga nayo haikosi, kwa hiyo beba tyubu ya mbele na ya nyuma kama saizi hazifanani.

Matunzo sasa. Kiangazi cha Dodoma ni upepo na vumbi, na vumbi hilo huishia kwenye chujio la hewa. Kama ni la sponji, lioshe kwa maji ya sabuni kila urudipo safari, likaukie kivulini, ulipake oili kidogo na kulikamua.

Difu, yale makazi ya gia katikati ya ekseli ya nyuma, ina oili yake, tofauti na ya injini. Mimi niliikumbuka siku ilipoanza kulia karibu na Bahi, nikakuta imebaki kidogo sana, sili ya ekseli, ule mpira unaozuia oili isitoke, ilikuwa inavuja. Tangu siku hiyo napitisha kidole nyuma ya rimu kila asubuhi kutafuta unyevu.

Matairi mawili ya nyuma yawe na upepo sawa. Moja likipungua chombo kinavuta upande, utamsumbua fundi bure kwa usukani. Pima asubuhi kabla hujaondoka, maana tairi likishapata joto kipimo kinapanda. Gurudumu likifunguliwa kwa pancha, simama baada ya kilomita 50 ukaze nati za rimu upya, hata kama aliyezifunga ni fundi unayemwamini.