Magoti yangu baada ya miaka zaidi ya 20 ya kupiga tailizi (jibu kwa ndugu yetu wa zege)

Mkuu nimesoma ulichoandika nikajiona mwenyewe kabisa. Umesema una miaka 44, umebeba zege na mifuko ya saruji toka kijana, magoti yote yanauma ila la kulia ndo limezidi, asubuhi unashuka kitandani umeshika ukuta, na mtu wa duka la dawa kakwambia ute wa magoti umeisha, sasa unauliza dawa gani inaurudisha. Mi sio daktari, ni fundi tailizi hapa Dar, nilianza 1998 kama saidia fundi na nimefanya kazi nimepiga magoti zaidi ya miaka 20, kwahiyo naongea niliyopitia na niliyoelezwa kliniki.

Tuanze na hilo la ute maana ndo lilinipotezea muda. Nilikunywa maji ya bamia miezi minne, mke wangu anazikata usiku anaziloweka kwenye jagi, alfajiri nakunywa, na supu ya makongoro kila Jumamosi. Ni chakula kizuri sikatai, ila goti lilibaki vilevile, maana ukila makongoro yanasagwa tumboni kama nyama nyingine yoyote, hayana njia ya kwenda kujipachika kwenye goti. Daktari wa mifupa alinieleza hivi nikaelewa: ncha za mifupa zimefunikwa na gegedu, ile nyeupe inayong'aa unayoiona ukivunja kiungo cha paja la kuku, ndo inayofanya goti liteleze. Hiyo gegedu haina mishipa ya damu wala ya fahamu. Kwahiyo inasagika miaka na miaka huskii kitu, ukija kuskia maumivu ujue mfupa wenyewe na nyama za pembeni ndo zimeanza kuumia. Na kwasababu haina damu inalishwa na huo ute, ukikanyaga inabanwa, ukinyanyua mguu inaachia inanyonya, kama sponji. Ute mwili unautengeneza kila siku, haujaisha, tena goti likivimba mara nyingi ni kwamba umekuwa mwingi kupita kiasi. Sasa mtu akikwambia ulale usitembee kabisa wiki tatu anainyima gegedu chakula bila kujua.

La pili, na hapa naomba unisikilize sana ndugu yangu, ni vidonge vya maumivu. Umeandika unameza diklofenaki kila siku ili uende saiti. Mi nilifanya hivyohivyo karibu miaka miwili, kimoja asubuhi kimoja jioni, pakti inakaa mfuko wa ovaroli pamoja na penseli na spesa. Kuna nyumba moja Goba nakumbuka, sebule kubwa, tailizi za 60 kwa 60, bosi anataka kuhamia mwisho wa wiki. Nilimeza viwili kabla ya chai, goti likanyamaza kabisa, nikapiga magoti toka saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja, siku nyingine zote ningekuwa nimeinuka mara ishirini kwa maumivu ila siku hiyo sikuskia kitu. Jioni kulivua ovaroli ikawa shida, goti limejaa limekaza ngozi inang'aa. Wiki mbili baadae nikaanza kupata choo cheusi kama lami, mi nikadhani ni matembele, nikawa naskia kizunguzungu nikipanda ngazi, mwisho nikaanguka saiti. Hospitali wakakuta vidonda vya tumbo vinavuja damu, nikaongezewa damu chupa mbili. Nilikuwa namaliza tumbo ili niweze kulimaliza goti, ndo hesabu yenyewe ilivyokuwa.

Sisemi dawa za maumivu ni sumu, zina nafasi yake, ila umeze kwa siku chache ukiwa umekula, na umwambie daktari kama una presha, figo au vidonda maana kwenye hayo matatu ni hatari kweli. Mi sa hivi natumia ya kupaka, hiyohiyo diklofenaki ila ya jeli, napaka goti zima mara tatu kwa siku, inaingia kwenye damu kidogo sana ukilinganisha na kidonge na kwa goti inasaidia vizuri.

Sasa kilichonirudisha kazini. Nilipelekwa kwa mtu wa fizio, wale wanaotibu viungo kwa mazoezi, dada mmoja mpole, mi nikatarajia mashine na umeme, yeye akatoa futi ya cherehani akapima mapaja yangu yote mawili sehemu moja, kiganja kimoja juu ya goti. La kulia lilikuwa limepungua sentimita tatu. Akaniuliza kazi yangu, nikamwambia, akasema goti likiuma mwili unaacha kutumia nyama ya mbele ya paja, ile nyama inanywea, na ikinywea hamna kinachopokea uzito, unashuka wote kwenye kiungo. Aisee lile neno liliniingia, maana siku zote nilikuwa nahangaika na goti tu.

Mazoezi aliyonipa hayana gharama. Kaa kwenye kiti, nyoosha mguu mmoja mpaka ulale sawa na paja, vidole vitazame juu, kaza paja, hesabu mpaka kumi, shusha POLEPOLE, mara kumi kila mguu, asubuhi mchana na jioni. Lingine ni kuinuka kwenye kiti na kukaa bila kushika popote, anza na kiti kirefu, ukizoea shuka kwenye stuli. Baada ya mwezi mke wangu alishona kimfuko cha kitenge tukajaza mchanga wa kilo moja nikawa nafunga kwenye kifundo cha mguu. Wiki tatu za mwanzo sikuona kitu na nilitaka kuacha, kuanzia wiki ya sita hivi nikashtuka nimeshuka daladala bila kushika mlango. Ukifanya paja likachoka hiyo ni sawa, goti likivimba au likiuma mpaka kesho yake umezidisha, punguza.

Uzito pia. Nilikuwa na kilo 91. Wanasema kila kilo moja unayopunguza mwilini inapunguza kama kilo nne kwenye goti kwa kila hatua, na mi naamini maana nilivyofika 83 tofauti niliiskia. Sikufunga kula wala nini, niliacha soda mbili za saiti na chipsi za usiku, bas.

Kwenye kazi yako sasa, maana najua huwezi kuacha, watoto wanakula hukohuko. Mfuko wa saruji ni kilo 50, ubebeni wawili au tumieni toroli, na usiinue umekunja goti limeingia ndani kuelekea goti la pili. Kibaya kuliko vyote kwa goti lililosagika ni kushuka ngazi na mzigo, kwahiyo kama kuna uwezekano ongea na msimamizi akuweke kwenye mixa au kuchota kokoto, waachie vijana ngazi. Nilijua unaona aibu kuomba, mi pia niliona aibu, ila msimamizi mwenye akili anajua mtu anayejua kipimo cha mchanganyo ana thamani kuliko miguu yake. Ukilazimika kupanda, mguu mzima utangulie kupanda, na kushuka utangulize mbovu. Ukitumia fimbo siku limechachamaa, ishike mkono wa upande wa goti ZIMA, watu wengi wanashika upande mbovu na haisaidii vile.

Mi kwa wanaopiga magoti kama mafundi wenzangu nasema nunueni pedi za magoti, nilizichelewesha miaka yote hiyo naona za wazungu. Kama hela hamna kata ndala mbili nene, zitandaze pamoja ushone kwenye kitambaa na lastiki. Na nina saa ya simu, kila nusu saa inalia nainuka natembea, hata kama gundi nimeshaipaka, napaka eneo dogo dogo ili nisibanwe.

Nyumbani niliweka kiti cha plastiki nilichokitoboa juu ya choo cha kuchuchumaa, na msikitini naswali kwenye kiti. Hili la pili liliniuma roho, mtu niliyezoea kusujudu, mpaka sheikh wetu akaniita pembeni akaniambia dini haijamkalifisha mgonjwa. Nikapumua.

Sindano ya goti nimechomwa mara moja, ilinipa nafuu kama miezi miwili, ila sio ya kuchoma kila mwezi kama wanavyofanya baadhi ya vijizahanati, ikizidi inaharibu gegedu yenyewe. Upasuaji wa kubadilisha goti upo hapa nchini, pale MOI, taasisi ya mifupa ya Muhimbili, wanafanya, mi daktari alisema bado, niendelee na paja kwanza kwasababu goti la bandia nalo lina umri wake, na kazi ya kupiga magoti haliipendi.

Kitu kimoja nimekiona kwenye maelezo yako kimenitia wasiwasi, umesema mwezi uliopita goti lilivimba ghafla usiku likawa la moto hata shuka likigusa unapiga kelele. Hiyo inaweza kuwa gauti (jongo), ni ugonjwa mwingine na dawa zake nyingine, mwambie daktari apime. Na likirudi la moto pamoja na homa usisubiri asubuhi, nenda hospitali usiku huohuo, inaweza kuwa usaha umeingia kwenye kiungo.

Eksirei omba wakupige UMESIMAMA, ukilala nafasi ya kati ya mifupa inaonekana kubwa kuliko ilivyo. Ukishapata majibu andika hapa, na useme paja la kulia na la kushoto yana sentimita ngapi, futi ya cherehani mtaani kwako haikosekani.