Fungate Misri: msiishie Cairo

Ndugu, umeuliza kama Cairo peke yake inawatosha wewe na mkeo kwa fungate ya siku 5. Haitoshi, na makelele yake yatawachosha. Tazameni piramidi za Giza, kisha pandeni treni ya usiku yenye vitanda hadi Aswan, mji wa kusini kando ya Mto Nile. Hapo jioni kodini feluka, mashua ya tanga isiyo na injini, muwe wawili tu na nahodha. Bei mpatane kabla ya kupanda. Msikose Philae, hekalu la Isis, mungu wa kike wa Misri ya kale, yule aliyemtafuta mumewe Osiris hadi akampata. Mnafika kwa boti, maana liko kisiwani. Nendeni kati ya Novemba na Februari, na mbebe sweta: usiku mtoni kuna baridi.