Maji miguuni kwa abiria: anza chini ya waipa

Ndugu yangu, kwa hiyo Corolla yako ya 1998 inayolowa kapeti upande wa abiria kila mvua ikinyesha, usikimbilie kununua raba za milango. Hakikisha kwanza ni mvua kweli. Ukikuta maji siku ya jua baada ya kuwasha AC, basi kimeziba kibomba chake cha kutolea maji.

Kama ni mvua, fungua boneti uchungulie chini ya waipa. Ukiegesha chini ya mwarobaini, mshukiwa umeshampata: majani yakiziba matundu ya kutolea maji, maji hujaa, huingia kwenye njia ya hewa ya feni na kushukia kapeti. Zoa kwa mkono, kisha mwagia maji uone kama yanatoka chini ya gari.

Bado? Inua kapeti, mtu akae ndani na tochi, wewe mwagia kwa mpira bila presha, ukianza chini kupanda juu taratibu. Ukianzia juu, maji yatatiririka kote na hutajua yaliingilia wapi.

Kagua pia nailoni ya kuzuia maji iliyo nyuma ya paneli ya mlango. Mafundi wa spika huichana wakaiacha hivyo hivyo. Yangu ilikuwa hiyo, na mimi nimeshanunua raba mbili bure! Ibandike upya kwa gundi ya butili, ile laini ya mpira inayonata bila kukauka. Silikoni yenye harufu ya siki usiiguse, hulisha bati kutu.

Sponji ya chini ya kapeti itoe nje ikauke kabisa.