Likizo ya Juni jijini Mwanza
Kwa mzazi aliyeuliza awapeleke wapi watoto likizo hii ya Juni bila mipango mirefu: amkeni asubuhi, mvuke kwa boti hadi Kisiwa cha Saanane, hifadhi ya taifa tangu 2013, ambako mtawaona pimbi wakiota jua juu ya majabali na mijusi wenye vichwa vyekundu wakivitikisa kana kwamba wanaitikia salamu. Nendeni mapema, kabla upepo haujalichafua ziwa. Siku nyingine pandeni daladala ya Kisesa mfike Makumbusho ya Wasukuma, Bujora. Mkibahatika kuikuta sherehe ya Bulabo, mtawashuhudia Bagika na Bagalu, makundi mawili ya wachezaji wa Kisukuma, wakishindana kwa ngoma, jambo ambalo mimi naliweka mbele ya yote. Jioni, sato wa kukaanga na ugali vinatosha.